Namna ya Kuwafundisha Watoto wa Shule ya Msingi Kuhakiki Michoro ya Wenzao kwa Heshima

Walimu wanaoanza kufundisha Sanaa na Michezo katika shule za msingi hapa Dar es Salaam huuliza maswali yaleyale kila muhula. Nikitundika michoro, darasa linazomea, nifanyeje? Nikiwaambia watoe maoni, wote wanasema "nzuri" kisha wanakaa, nifanyeje? Mtoto amelia na kuchana karatasi yake; nifanyeje? Majibu nimeyaweka hapa mahali pamoja, kwa ajili yako wewe mwalimu wa darasa la tatu hadi la sita mwenye watoto wengi, vifaa vichache na kipindi cha dakika 40.

Shika jambo moja tangu sasa, maana hatua zote zimejengwa juu yake: anayeheshimu mchoro wa mwenzake ni yule aliyeutazama. Mtoto aliyekaa mbele ya mchoro dakika nzima, akaweka kidole penye kitu anachokisema, amemheshimu mchoraji hata kama anasema miguu ya ng'ombe haijakaa sawa. Aliyesema "nzuri sana" huku anaangalia dirishani hajamheshimu mtu. Kazi yako kubwa, basi, ni kuwafundisha kutazama. Adabu ya maneno huja nyuma yake, na huja kwa urahisi kuliko unavyodhani.

Vitu vya kuandaa

- Khanga moja nzima, yenye pindo (ukingo wake), mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa juu yake). Soma jina kabla ya kwenda nayo darasani. Mafumbo mengine si ya watoto wa darasa la tatu.
- Picha mbili au tatu za wasanii wasiokuwemo darasani: kalenda ya ukutani ya zamani, kadi yenye mchoro wa Tingatinga (mtindo wa uchoraji nitakaoueleza katika hatua ya 4), au kinyago kidogo cha kuazima. Ukikosa kabisa, noti ya shilingi 2,000 ina simba na ya 10,000 ina tembo. Ni michoro iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa, na watoto hawajawahi kuitazama kama michoro.
- Kamba na vibanio vya nguo. Selotepu inachana karatasi za watoto na kubandua rangi ya ukuta.
- Karatasi mbili kwa kila mtoto. Steshenari nyingi hutupa karatasi zilizochapwa upande mmoja, omba, utapewa.
- Penseli, na kalamu za rangi kama zipo. Zisipokuwepo, penseli inatosha kabisa.
- Chaki, ubao, na saa ya kuhesabia dakika.

Tenga vipindi vinne. Hatua ya 1 na ya 2 ni kipindi cha kwanza, ya 3 na ya 4 cha pili, ya 5 hadi ya 8 cha tatu, na ya 9 cha nne. Watoto wachore michoro yao kati ya kipindi cha pili na cha tatu, darasani au nyumbani. Usijaribu kubana yote katika siku moja, kwa sababu watoto wakifika kwenye michoro ya wenzao kabla hawajazoea kutazama, watarudi kwenye kuzomea.

Hatua kwa hatua

1. Anza na khanga.

Itundike mbele, au washike watoto wawili warefu. Usiulize kama ni nzuri. Uliza: mnaona nini? Watasema, "Khanga." Endelea. Pindoni kuna nini? Mjini kuna nini? Umbo gani limerudiwarudiwa? Rangi ngapi, na ipi imechukua nafasi kubwa? Jina limekaa wapi? Watoto wa mji huu wanaijua khanga tangu wakiwa wamebebwa mgongoni, ila wengi hawajawahi kuulizwa wameona nini juu yake.

Kwa dakika kumi za mwanzo, maneno "nzuri" na "mbaya" yasitumike. Mtoto akiteleza akasema "mbaya hii", usimkaripie. Mwulize kwa sauti ya kawaida: "Unaona nini kinachokufanya useme hivyo?" Swali hili ndilo utakalolitumia kuliko mengine yote katika kazi hii, kwa hiyo lizoee ulimi wako. Linamrudisha mtoto kwenye kitambaa bila kumwaibisha, na mara nyingi atagundua mwenyewe kwamba ana la kusema: "Maua yamebanana, hata hayaonekani ni maua."

Mwishoni wafungulie. Khanga hii ungemnunulia nani? Ya shughuli gani? Mmoja atasema ya bibi, mwingine atasema bibi yake havai rangi kali namna hiyo. Waache wapingane. Wanajifunza kwamba watu wawili wanaweza kutazama kitu kimoja, wakatofautiana, na wakabaki marafiki.

Khanga inafaa kuanzia kwa sababu aliyeichora hayupo darasani, kwa hiyo hakuna wa kuumia.

2. Chora wewe, uhakikiwe wewe.

Chora pantoni ya Kigamboni ubaoni kwa dakika tatu, na magari na abiria juu yake. Geuka uulize maoni. Utajibiwa kwa pamoja: "Nzuri, mwalimu!" Hiyo ni adabu waliyofundishwa nyumbani, na ni adabu njema. Mtoto anayejua kuamkia wakubwa na kunyamaza wanapoongea hawezi kwa asubuhi moja kukwambia mchoro wako umelala upande. Mpe njia ya kusema bila kuvunja adabu yake. Mwambie unachotaka mchoro ufanye, kisha omba msaada: "Nataka mtu akiiona ajue imejaa watu, ni saa za asubuhi. Nisaidieni, nibadilishe nini?"

Atatokea mmoja. "Mwalimu, abiria ni wakubwa kuliko magari." Mshukuru, futa, rekebisha palepale mbele yao. Atainuka wa pili, kisha mikono itakuwa mingi. Kitendo cha kufuta na kurekebisha kwa ushauri wa mtoto kinafundisha kuliko hotuba yoyote.

Angalia mambo mawili hapa. Usijitetee, ukisema "nilikuwa na haraka" umewafundisha kujitetea. Tena usichore kichekesho makusudi ili wacheke, kwa sababu kicheko hicho watakihamishia kesho kwa mwenzao ambaye hakukusudia kuchekesha.

3. Andika sentensi tano ubaoni, ziache hapo.

- Jicho langu limeanzia kwenye ___.
- Naona ___.
- Nimependa ___ kwa sababu ___.
- Najiuliza kwa nini ___.
- Ungejaribu ___ ili ___.

Wasome pamoja, kisha wazitumie kwa khanga na kwa pantoni yako. Sehemu ngumu kwao ni "kwa sababu" na "ili". Wasikie wanavyozikwepa, na usiwaruhusu. "Nimependa rangi" haijakamilika. "Nimependa rangi kwa sababu bati la njano linaonyesha jua ni kali" imekamilika.

Wafanye mazoezi ya kugeuza kauli. Andika kauli ya mtaani, wao waigeuze:

"Hujui kuchora mikono" iwe "Mkono wa kulia naona ni mfupi kuliko wa kushoto. Ulitaka uwe hivyo?"

"Rangi mbaya" iwe "Bahari na mbingu zina rangi moja, nimeshindwa kuona zinapokutana."

"Umekopi" iwe "Mbona mwembe wako na wa jirani yako una matawi yaleyale? Mlichora pamoja?"

Watoto hupenda sana zoezi hili, na wataleta kauli zao wenyewe, nyingine kali kuliko zako. Zipokee. Ni afadhali kauli kali igeuzwe ubaoni, haina mwenyewe, kuliko itupwe kwa mtoto mwenye mchoro wake mkononi.

4. Leta kazi ya msanii asiyekuwepo.

Tingatinga ndiyo iliyo karibu nasi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 bila kupita chuo chochote cha sanaa. Alitumia rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, na waliojifunza kwake wakaendeleza. Ukipita Morogoro Stores, Oysterbay, utawakuta wachoraji kazini.

Onyesha picha na ungoje. Mtoto mmoja lazima aseme, "Twiga hayuko hivyo." Hiyo ndiyo nafasi yako. Uliza: mchoraji alitaka twiga wake afanane na wa Mikumi, au alitaka kitu kingine? Kwa nini madoa yamepangwa hivi? Kwa nini mandhari ya nyuma ina rangi moja tu? Ukiwa na picha ya kazi ya George Lilanga, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa hapa mjini, itumie pia: watu wake wana masikio makubwa na midomo mipana, na darasa litacheka. Kicheko hicho kiache, kwa sababu kazi yenyewe ina uchangamfu. Kisha uliza ni kitu gani kwenye mchoro kimewachekesha. Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, wale watu waliobebana kwenye gogo moja, kinafaa kwa swali jingine: nani amembeba nani, na umejuaje?

Usiiruke hatua hii. Watoto wetu wengi wamezoea kipimo kimoja tu, kwamba mchoro mzuri ni ule unaofanana na kitu chenyewe, na wakiingia kwenye michoro ya wenzao na kipimo hicho, nusu ya darasa imeshashindwa kabla ya kuanza.

Ukipata usafiri, wapeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na njiani msimame kwenye Sanamu ya Askari pale Samora, iliyowekwa mwaka 1927. Waulize bunduki imeelekea wapi. Imeelekea bandarini, na watabishana kwa furaha kwa nini.

5. Mpe mchoraji haki zake kabla ya kutundika.

Zitaje kwa sauti, darasa zima lisikie. Mchoraji anaweza kukataa mchoro wake usitundikwe leo. Mchoraji ndiye anayesema anataka kusaidiwa nini. Mchoraji anaweza kuusikia ushauri, akashukuru, akauacha.

Haki ya pili ndiyo inayobadilisha darasa. Kila mtoto aandike nyuma ya karatasi yake swali moja: "Je, mnaona kwamba mama amechoka?" "Je, mnaona gari linaenda mbio?" Maoni yakijibu swali, hayageuki kuwa hukumu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukosa swali, mwulize tu, "Ulitaka tuone nini?" na uandike jibu lake.

6. Tundika, kisha wote kimya.

Funga kamba barazani au chini ya mti, na msimu wa masika funga ndani. Ibane michoro kwa urefu wa macho ya watoto, si ya kwako. Wapite polepole kwa dakika tatu bila kusema neno. Dakika tatu ni ndefu kwa mtoto wa miaka tisa. Wape kazi ya kufanya, kwa mfano kutafuta kitu kimoja ambacho hawakukiona walipopita mara ya kwanza.

7. Maoni yatolewe katika vikundi vya watoto wanne.

Usimsimamishe mtoto mmoja mbele ya wenzake themanini. Kila kikundi kichukue michoro yake minne, na kila mchoro upewe dakika nne kwa saa yako. Mchoraji anasoma swali lake kisha ananyamaza. Wenzake watatu wanasema, kila mmoja jambo moja alilolipenda na ombi moja, wakitumia sentensi za ubaoni na kuweka kidole wanapopasema. Hesabu ni rahisi: dakika 16, na darasa zima limepata maoni, hata kama lina vikundi ishirini.

Ombi liwe la jambo moja kwa wakati mmoja, kwanza umbo, kisha mpangilio, rangi mwisho. Mwalimu wa Marekani Ron Berger, anayesisitiza kwamba maoni yawe ya upole, yawe mahususi na yasaidie, husimulia habari ya mtoto wa darasa la kwanza huko Boise, Idaho, aliyechora kipepeo. Wenzake walimpa maoni ya umbo la mabawa kwanza, akachora tena. Wakaingia kwenye mistari ya mabawa, akachora tena. Rangi ikaja mwisho. Waliompa maoni hayo ni watoto wadogo kama yeye. Wetu pia wanaweza, wakipewa mpangilio.

Wewe zunguka. Sikiliza kikundi kimoja kwa sekunde chache, nenda kingine. Ukisikia "nzuri tu", uliza swali lako la hatua ya kwanza na uendelee kutembea.

8. Mchoraji ajibu.

Sentensi mbili zinatosha: "Asante, nitajaribu ___" na "Hili nitaliacha, kwa sababu ___." Ya pili ifundishe kwa uzito uleule wa ya kwanza. Mtoto anayejua kusema "mti nimeuchora mwekundu makusudi, ni krismasi" amejifunza kusimamia kazi yake, na wenzake wamejifunza kwamba maoni si amri.

9. Wachore tena.

Karatasi ya pili ni ya siku hii. Wasifute ya kwanza. Wachore mchoro uleule upya, wakibadilisha jambo moja au mawili waliyoyachagua, kisha ibane miwili pamoja, wa zamani juu na mpya chini. Bila hatua hii watoto huona maoni kuwa maneno matupu.

Makosa yanayofanywa mara nyingi

Kutoa alama siku ya maoni. Ukiandika 6/10 kwa kalamu nyekundu, hakuna mtoto atakayesikia neno jingine, watalinganisha namba.

Makofi. "Mpigieni makofi matatu" ni desturi nzuri ya darasani, lakini katika kazi hii yanakata mazungumzo. Mtoto anapigiwa makofi, anakaa, na hajui alichofanya vizuri. Yahifadhi kwa mwisho, yawe ya wote.

Kuchukua penseli na kuumalizia mchoro wa mtoto. Mwalimu anadhani anasaidia. Kuanzia hapo mchoro si wa mtoto tena, na yeye anajua. Onyesha kwenye karatasi nyingine.

Kumtaja mchoraji bora. Kila darasa lina mtoto mwenye mkono mwepesi anayejulikana na wote, na wengine humwachia yeye. Mpe naye ombi la kweli. Watoto wa namna hii husifiwa kila siku na ni nadra kusaidiwa.

Mambo yakikwama

*Darasa limezomea.* Simamisha kazi. Usitafute aliyeanza. Rudisha macho yote kwenye mchoro: "Kila mtu atafute kitu kimoja alichokifikiria vizuri mchoraji." Ngoja kimya mpaka mikono mitano iinuke. Mambo yakiendelea hivyohivyo, funga kipindi urudi kwenye khanga siku nyingine.

*Mtoto analia au amechana karatasi.* Okota vipande, vihifadhi kwenye daftari lako, umwache apumue. Zungumza naye baada ya kipindi, peke yenu, uanze na swali lake: ulitaka tuone nini? Usimlazimishe kusema mbele ya wenzake kwamba amewasamehe.

*Mtoto hasemi kitu.* Mruhusu aonyeshe kwa kidole tu, na mwenzake aweke maneno. Kama kizuizi ni aibu ya Kiswahili cha darasani, aseme anavyosema nyumbani.

*"Mwalimu, hiki kinyago ni cha kichawi."* Lichukulie kwa uzito, maana pengine ndivyo alivyofundishwa nyumbani au kwenye ibada. Uliza anaona nini kinachomfanya aseme hivyo, msikilize, na usimshurutishe kushika. Vivyo hivyo kwa mtoto ambaye kwao hawachori sura za watu: maua, mapambo na maumbo yanahakikiwa kwa sentensi zilezile, na khanga inathibitisha.

*Mchoro unaonyesha mtoto akipigwa, au jambo jingine la kutisha.* Huo usiutundike, wala usiupeleke kwenye kikundi. Uchukue bila kushtuka, umwambie mtoto utaongea naye. Msikilize faragha, usimhoji kama polisi, na upeleke taarifa kwa mwalimu wa malezi na unasihi na kwa mwalimu mkuu. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kipindi cha Sanaa wakati mwingine ndicho mahali pa kwanza mtoto anaposema.

*Muda umeisha kabla ya vikundi kumaliza.* Punguza michoro, usipunguze dakika. Nusu ya kikundi wiki hii, nusu wiki ijayo.

*Mzazi anauliza alama ziko wapi.* Mwonyeshe michoro miwili iliyobanwa pamoja na sentensi alizoandikiwa mtoto wake na wenzake. Alama za muhula zitoe kwa mchoro wa pili, ukiangalia kama mtoto alichagua ushauri na kuutumia, au aliuacha akaeleza sababu.